Marahaba ya Mjomba

Mtoto aliyetuonyesha kwamba mjomba bado ana neno kinywani alikuwa na miaka sita, na alikuwa ametumwa kununua barafu. Nyumba yetu ya Ngamiani, Tanga, inauza barafu za ubuyu na ukwaju. Watoto huingia na kutoka mchana kutwa. Huyu alimkuta mzee amekaa barazani kwenye kiti cha plastiki, mkono wa kulia umelazwa pajani kama mzigo alioachiwa na mtu aangalie, akafanya kama alivyofunzwa kwao.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba," mjomba akajibu.

Ilikuwa marahaba kamili, na ile a ya mwisho aliivuta kidogo kama wanavyoivuta wazee wa huku. Kwa wiki saba tangu kiharusi kimpige, hatukuwa tumemsikia akitoa kitu zaidi ya "ta, ta, ta". Mkaza-mjomba alikuwa uani anapepeta mchele. Alitoka na ungo mkononi, akasimama mlangoni akimtazama mumewe, na mumewe akamtazama yeye, akajaribu kusema jambo, na "ta, ta" zikarudi. Mtoto yeye alishasahau. Alikuwa anauliza kama za ukwaju zimebaki.

Baadaye tulielezwa kwamba jambo hili halina muujiza. Kiharusi kinapoharibu sehemu za ubongo zinazotunga usemi, maneno ya mazoea huweza kubaki: salamu, kuhesabu, dua, matusi, nyimbo. Hayatungwi upya kila yanapotamkwa. Yako tayari, yanasubiri kuitwa. Mjomba hawezi kuomba maji, lakini Fatiha anaisoma karibu yote. Anahesabu moja hadi kumi bila kukwama, ila ukimwonyesha vidole sita na kumwuliza ni vingapi, anapotea. Na akiamkiwa, anaitikia.

Kilichonichoma mimi ni hesabu nyingine. Katika wiki zile saba nyumba ilijaa wageni, na hakuna aliyemwamkia. Walimwamkia mkewe. "Shikamoo mama, mgonjwa anaendeleaje?" Na mgonjwa yuko hapo hapo, hatua mbili, anasikia. Hakuna aliyekusudia ubaya. Walidhani wanamwondolea aibu ya kushindwa kujibu. Mimi mwenyewe nilipofika kutoka Dar es Salaam nilimshika bega, nikatikisa kichwa, nikamgeukia mkaza-mjomba nikaanza kuuliza habari za dawa.

Hali aliyokuwa nayo hatukuiita ugonjwa. Tuliita kususa. Mzee kasusa, tulisema. Kasusa chai, kasusa mazoezi, kasusa hata kunyolewa ndevu. Alikuwa akilazwa anageukia ukutani, akigeuzwa anarudi ukutani. Usiku hakulala, mchana alisinzia. Kijana wa mazoezi ya viungo akiunyanyua mkono ule, mjomba aliuacha unyanyuliwe, ukiachiwa uanguke. Huyu ni mtu ambaye utani wake ulimfanya atozwe faini kwenye kila msiba.

Nimelifikiria sana neno lile. Anayesusa ana nguvu bado. Anadai kitu, anajua kwamba akinyimwa atakipata kwa kununa. Mjomba hakuwa anadai chochote. Kwa kumwita msusaji tulijipa ruhusa ya kumkasirikia, na kukasirika ni rahisi kuliko kuogopa. Wengine walikuwa na majina yao: pepo, kijicho cha mtu wa karibu, kukosa shukrani kwa Mungu aliyemwachia uhai. Jirani mmoja alimwambia usoni kwamba wenzake aliolazwa nao wodini wamekwisha zikwa, kwa hiyo ashukuru. Alikuwa anamliwaza.

Kiswahili kina maneno ya kutosha kwa hali hii. Tanzania wataalamu husema sonona, Kenya utasikia unyogovu, na kabla ya wataalamu watu wa pwani walikuwa tayari wanasema fulani kanyong'onyea, fulani amejiinamia, moyo umesononeka. Kinachokosekana ni desturi ya kulitaja neno mbele ya mtu mwenye kiharusi, kwa sababu huzuni yake tunaiona ina haki. Mtu amepoteza nusu ya mwili. Asihuzunike ana nini? Mtego uko hapo. Kwa vile huzuni ina sababu, hakuna anayeitibu.

Na sababu yenyewe ni zaidi ya msiba wa kupooza. Takribani mtu mmoja kati ya watatu waliopatwa na kiharusi hupata sonona wakati fulani katika miaka inayofuata. Wataalamu walibishana muda mrefu ni wapi hasa inapotoka. Mmarekani Robert Robinson na wenzake waliamini kwamba jeraha la mbele upande wa kushoto wa ubongo ndilo linaloileta. Mwaka 2000 tafiti nyingi zilipokusanywa na kupimwa pamoja, imani hiyo haikusimama. Leo inaelekea wengi wanakubali kwamba jeraha lina mchango na maisha yaliyobaki baada ya jeraha yana mchango, na kwamba mtu akinyong'onyea hivyo mazoezi yake huzorota, viungo hurudi polepole zaidi, na hatari ya kufa huongezeka. Sisi huku si kisiwa. Utafiti uliofanyika Hai, Kilimanjaro, na Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 ulikuta kwamba Dar es Salaam, baada ya kusawazisha umri, watu kama 316 katika kila 100,000 hupigwa na kiharusi kwa mwaka. Chukua theluthi ya hao, halafu jiulize wangapi wamewahi kuulizwa na mtu yeyote kama wanaona faida ya kuamka.

Mjomba hakuulizwa. Hospitali tuliyoanzia ilifanya kazi yake ya presha vizuri: walimpima, wakampa vidonge vya presha, vya lehemu, na aspirini ndogo ya kila siku, wakampangia mazoezi. Ziara nne. Moyo haukutajwa hata mara moja, na sisi hatukuutaja.

Aliyeutaja ni tabibu kijana wa kituo cha afya, tulikokwenda kwa ajili ya kikohozi. Alimwangalia mjomba, akaacha kikohozi, akamgeukia mkaza-mjomba na kumwuliza maswali yaliyotushangaza kwa udogo wake. Anakwepa kukutazama machoni? Analia? Usiku anahangaika? Akisikia mzaha anacheka? Anakaa tu bila kufanya lolote? Maswali ya namna hiyo, nimesoma baadaye, yalikusanywa Nottingham, Uingereza, miaka ya 1990, kwa ajili ya wagonjwa waliopoteza usemi: asiyeweza kujieleza huelezwa na anayeishi naye. Mkaza-mjomba alijibu yote bila kufikiri. Alikuwa nayo tayari, hakuwa amepata wa kumpa.

Tabibu alitufunza pia kutenganisha kilio na huzuni. Mjomba alikuwa akilia ghafla kwa vitu vidogo, paka akipita, adhana ikianza, akalia kwa nguvu kisha kilio kikakatika kama kwikwi. Tulikuwa tumeficha picha za marehemu mama yake tukidhani ndizo. Kilio cha namna hiyo ni breki ya ubongo iliyolegea, tukaambiwa; mara nyingi mwenyewe hana hata huzuni wakati huo, ana aibu tu. Ukimshika mkono na kuendelea na mazungumzo kinapita. Sisi tulikuwa tunayakimbilia machozi na kuuacha ukimya.

Tabibu alianza na dawa. Alimpa amitriptilini, ambayo ndiyo iliyokuwepo. Ilimpa usingizi, kweli, na pia kinywa kikavu, choo kigumu, na kizunguzungu cha kuinuka. Wiki ya tatu alianguka usiku akienda msalani na kuchubuka paji la uso. Tabibu akaipunguza hadi akaiacha, akasema tuna njia mbili: kutafuta dawa ya aina nyingine, au kujaribu kwanza bila dawa, yeye akimwona kila baada ya wiki mbili. Mkaza-mjomba alichagua ya pili. Alikuwa ameona damu kwenye fulana.

Sitaki mtu asome hapa kwamba vidonge vya sonona havifai. Majaribio yanasema jambo gumu kidogo. Uingereza, wagonjwa 3,127 wa kiharusi walipewa ama fluoksetini ya miligramu 20 ama kidonge kitupu kwa miezi sita. Matokeo yalitoka Desemba 2018. Waliomeza fluoksetini hawakurudisha viungo vyao vizuri zaidi, jambo ambalo ndilo lililokuwa likitarajiwa. Waliopata sonona mpya walikuwa wachache zaidi: 13 katika mia badala ya 17. Na waliovunjika mifupa walikuwa karibu mara mbili ya wenzao. Kwa hiyo kidonge kinafanya kazi yake, na kina bei yake, na bei hiyo mtu wa miaka 68 mwenye mguu mmoja mzima anailipa kwa nyonga. Tena kuna hali ambazo bei hiyo hulipwa bila mjadala. Tabibu alimwuliza mjomba, mbele yetu, kwa maneno yasiyozungushwa, kama anataka kufa, na akatulia akisubiri kichwa kitikisike huku au kule. Alisema kama angeitikia, tusingekuwa tunazungumza habari ya kungoja. Na vidonge vya presha, vya lehemu na aspirini havikuguswa. Hivyo havihusiani na mjadala huu, ingawa nimekutana na familia zaidi ya moja iliyosikia "bila dawa" ikatupa vyote, na kiharusi cha pili kikaja.

Nyumba nyingi tayari zinaitibu sonona hii bila dawa kwa maana moja tu: hazifanyi kitu. Tulichoagizwa sisi kilikuwa na saa, kipimo na daftari.

Jambo la kwanza lilikuwa salamu, na hili tulilianza wenyewe siku ile ya barafu. Mkaza-mjomba aliwasimamia wageni mlangoni: anza na yeye. Shikamoo, subiri. Kusubiri ndiko kulikokuwa kugumu. Sisi watu wa pwani salamu zetu ni ndefu, lakini tunazipiga mbio, habari za leo, nzuri, za watoto, salama, na mwenye ulimi mzito hapati pa kuingilia. Ilibidi tujifunze kunyamaza kwa pumzi tatu baada ya kila neno. Mjomba alianza kuitikia marahaba kumi, kumi na tano kwa siku. Baada ya mwezi alipata "salama". "Alhamdulillahi" ilikuja yenyewe siku moja baada ya kupiga chafya, akashtuka mwenyewe.

Nottingham hiyo hiyo, mwaka 2013, ilitoka taarifa ya jaribio la watu 105 waliopoteza usemi kwa kiharusi na kuingiwa na huzuni. Nusu yao walitembelewa na wasaidizi wa wanasaikolojia kwa miezi mitatu, wakasaidiwa kwa picha na ishara kuchagua shughuli na kuzipanga katika siku zao. Baada ya miezi sita hao walikuwa na nafuu kuliko wenzao. Ninalipenda jaribio hili kwa sababu linajibu kile ambacho kila mtu alituambia, kwamba mgonjwa asiyesema huwezi kumtibu kwa mazungumzo. Wengi hawakuwa wanazungumza. Walikuwa wanapanga Jumanne.

Kiini cha Jumanne yetu kilikuwa kazi. Mjomba ni fundi cherehani, miaka arobaini ya kanzu. Mawazo kwamba huzuni hupungua mtu anaporudishiwa vitendo vinavyompa raha au heshima yalipewa umbo na Mmarekani Peter Lewinsohn miaka ya 1970. Tabibu wetu aliyasema kwa kifupi zaidi: msimsubiri apate hamu ndipo afanye, afanye, hamu itamkuta njiani. Basi tukamletea debe la vifungo avichambue kwa mkono wa kushoto, vya matundu mawili huku, vya manne kule. Alichambua siku mbili. Siku ya tatu alilisukuma debe likamwagika barazani kote, na watoto wa barafu wakaviokota kwa shangwe.

Alikuwa na haki. Tulimpa kazi ya mtoto. Fundi hachambui vifungo. Ana mwanafunzi wa kuchambua vifungo.

Mwanafunzi wake wa zamani, ambaye sasa ana duka lake barabara ya pili kutoka kwetu, ndiye aliyelijua jibu, na alilijua kwa bahati. Alikuja kumwona akiwa na kanzu begani anayompelekea mteja. Mjomba akaivuta kwa mkono wa kushoto, akaitandika pajani juu ya ule mkono mwingine, akapitisha kidole gumba polepole kwenye mshono wa shingo. Alipofika nyuma, akarudi. Akapitisha tena. Kisha akaupiga mshono ule kwa ncha ya kidole mara tatu na kumtazama kijana kwa jicho ambalo sisi tuliokulia nyumba ile tunalijua. Kijana akainama. Mshono ulikuwa umevutwa. Kwa macho ulikuwa umenyooka, lakini kanzu ikifuliwa mara moja shingo ingekunjamana. "Nifumue, mwalimu?" Mjomba akaitikia kwa kichwa. Halafu, na hili nililishuhudia kwa macho yangu, akacheka upande mmoja wa uso.

Tangu hapo kanzu zikawa zinapita kwake. Tatu, nne kwa wiki, kabla hazijaenda kwa mteja. Hashoni. Anakagua. Kijana aliwahi kuniambia kwa siri kwamba nyingine anaziharibu makusudi kidogo, nami nikamwambia aache, kwa sababu mjomba atagundua. Akasema ameshagundua, anazirudisha na kumtolea ulimi.

Kutembea nakupitia haraka kwa kuwa hapakuwa na hadithi. Kila asubuhi kabla jua halijawa kali, hadi kwenye mwembe na kurudi, fimbo mkono wa kushoto, mtu upande wa kulia. Mazoezi yaliyopangwa hupunguza sonona ya baada ya kiharusi. Tafiti zilizokusanywa zinaonyesha hivyo, na zinaonyesha pia kwamba faida hufifia mazoezi yakikoma. Mvua za Aprili zilitufundisha hilo bila utafiti.

Muziki tulikuwa nao tayari na hatukujua kama ni tiba. Helsinki, mwaka 2008, Teppo Särkämö na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 60 waliogawanywa makundi matatu tangu siku za mwanzo za kiharusi: wa kusikiliza muziki wanaoupenda wenyewe angalau saa moja kila siku kwa miezi miwili, wa kusikiliza vitabu vilivyosomwa, na wasiopewa chochote. Waliosikiliza muziki walirudisha kumbukumbu ya maneno na umakini vizuri zaidi, na walikuwa na huzuni kidogo kuliko wale wasiopewa kitu. Wanaoupenda wenyewe, hapo ndipo penye uzito. Vijana wa nyumbani walikuwa wanamfungulia kasida mchana kutwa, kwa nia njema, maana mgonjwa lazima asikilizishwe mambo ya akhera. Mjomba ni mtu wa Tanga aliyekuwa kijana wakati Black Star na Lucky Star zinaitikisa pwani yote kwa taarabu ya magita. Mwanawe alipomletea kinasa chenye nyimbo zile, mzee alifunga macho, na mguu wa kushoto ukaanza kugonga. Kasida zikahamishiwa usiku wa Ijumaa. Na anaimba, naapa. Maneno yanatoka yamefuatana, yamefungamana na sauti, mtu asiyeweza kusema "maji".

Mshairi wa Sweden, Tomas Tranströmer, alipigwa na kiharusi mwaka 1990, upande wa kulia ukapooza na usemi ukamtoka, kama mjomba. Alikuwa mpiga piano. Akaendelea kupiga kwa mkono wa kushoto peke yake, watunzi wakamtungia muziki wa mkono huo, mkewe Monica akawa ndiye anayesikia kile ambacho wengine walisikia kama vipande. Mwaka 2011 alipewa Nobeli. Simleti kama mfano wa kuigwa. Wagonjwa hawahitaji kutishwa kwa Nobeli. Namleta kwa ajili ya mkono wa kushoto.

Kwani kwetu mkono wa kushoto si mkono tu. Mtoto wa pwani hupigwa kofi la kiganja kabla hajajua kuhesabu: kula kwa kulia, pokea kwa kulia, toa kwa kulia. Kushoto ni wa chooni. Kiharusi cha upande wa kushoto wa ubongo huua kulia, na kwa siku moja kinamfanya mzee wa heshima awe mtu asiyeweza kufika kwenye sinia. Mjomba hakususa chakula. Tulipokuja kuangalia vizuri, alikula akiachwa peke yake chumbani, amegeukia ukuta. Alichokikataa ni kuingiza mkono ule wali mmoja na wanawe. Miezi minne tulimpelekea sahani chumbani tukiona tunampumzisha, na kila sahani ilimthibitishia.

Hakuna utafiti niliousoma unaosema neno kuhusu sinia. Ustadhi wa msikiti wa mtaani aliitwa. Alimweleza kwamba mwenye udhuru hana lawama, jambo ambalo mjomba alilijua tangu chuoni, akaitikia kwa kichwa na hakusogea. Elimu haikuwa tatizo. Tatizo lilitatuliwa na mkaza-mjomba siku ya Ijumaa kwa kijiko. Aliweka vijiko saba kwenye sinia, cha kila mtu, pamoja na yeye ambaye maisha yake yote anacheka wanaokula wali kwa kijiko. Mtu mwenye kijiko mkono wa kushoto, kati ya watu wenye vijiko, hana ajabu kubwa. Mjomba alisogea. Alimwaga, tukamwaga pia.

Harare, mwaka 2006, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza kuwafunza bibi wa mtaa wa Mbare kukaa na watu kwenye benchi nje ya kliniki. Washona huita hali ile kufungisisa, kuwaza kupita kiasi. Sisi tungesema mawazo. Bibi hamwambii mtu avumilie. Anamwachia aeleze yote, wanachagua tatizo moja, wanatafuta hatua ndogo ya kulifanyia, wiki ijayo anarudi kusema ilikwendaje. Jaribio la watu 573 lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha benchi hilo linafanya kazi, ingawa hao hawakuwa wagonjwa wa kiharusi. Kwa wagonjwa wa kiharusi, Marekani mwaka 2008, Robinson yule yule na wenzake waliwafuata 176 ambao sonona haikuwa imewafika bado: waliofunzwa kutatua tatizo moja moja, na waliopewa kidonge cha kweli cha sonona, waliugua kwa uchache kuliko waliopewa kidonge kitupu, ila hesabu ilipobanwa zaidi tofauti ya waliofunzwa ilififia, na ya kidonge cha kweli ikabaki. Nayaweka yote mawili mezani.

Benchi sisi tunalo, limejengwa kwa mawe mbele ya kila nyumba ya zamani. Baraza letu lina watu tele na haliponyi, kwa kuwa kila anayekaa pale ana ushauri na hakuna anayerudi wiki ijayo kuuliza ilikwendaje. Tatizo moja, hatua moja, rudi. Mkaza-mjomba ndiye aliyekuwa akiyafanya hayo bila kufunzwa na bila benchi.

Na yeye je? Ilinichukua miezi mitano kuuliza. Anamwinua mtu wa kilo themanini mara sita kwa siku, bega lake halipandi tena kufikia kamba ya nguo, na biashara ya barafu ndiyo iliyolipia teksi za kliniki. Mimi nilikuwa natuma pesa kwa simu na kulala usingizi. Tabibu alipomwuliza maswali yale yale kwa ajili yake mwenyewe, alijibu mawili, akafunika uso kwa mtandio. Tiba hii isiyo na vidonge ina bei pia, na mara nyingi analipa mwanamke mmoja. Sasa kuna zamu. Wapwa wanne, wanawe wawili, kila mtu na siku yake, imeandikwa kwenye daftari lile lile la kutembea. Jumamosi ni yangu. Nasafiri Ijumaa usiku. Siku hiyo mkaza-mjomba haingii chumbani kabisa. Anakwenda kwa dada yake Pangani, na akirudi hatumwulizi alifanya nini.

Mjomba hajapona. Mkono haujarudi na sidhani kama utarudi. Ana maneno kama thelathini, nusu yake ya dini. Analala usiku, anakagua kanzu, anaitikia salamu za watoto wa barafu, ambao wamefanya mchezo wa kupita na kurudi ili wamwamkie mara mbili, naye anawaitikia mara mbili.

Wiki iliyopita ameanza tena kukataa chai ya saa kumi, na siku mbili amelala akielekea ukutani. Mkaza-mjomba ameandika kwenye daftari. Alhamisi tunakwenda kwa tabibu, na safari hii tumekubaliana kwamba akisema dawa, iwe dawa.